Kugonga ukuta si uwezo

SWALI: Asalaam aleikum, Maalim. Majuzi tulikaa barazani hapa Langoni, Lamu, tukitazama mbio za magari za Monaco kwenye runinga ya dukani. Mtangazaji akasema, "Dereva ameweza kugonga ukuta katika raundi ya ishirini, na ameweza kuumia mkono." Mwenzangu akadai hapo pana kosa: angesema "mzunguko", si "raundi". Mwingine akashikilia kwamba zile ni langalanga, si mbio za magari. Nani kasema kweli?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Mmeshikana mashati kwa ajili ya dagaa, na papa kawapita mbele ya macho.

Langalanga nimalize upesi. Ni jina walilolizoesha watangazaji na waandishi wetu wa michezo kwa mbio za Formula One, zile za gari la kiti kimoja, magurudumu yako wazi nje ya bodi, halina paa wala madigadi. Langalanga ni mbio za magari kama jahazi lilivyo chombo, kwa hiyo hapo wote mmepata. Ila msiliite langalanga kila gari linalokimbizwa. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ina magari yenye madigadi na paa, ndani wamekaa wawili, dereva na mwelekezi wake, na siku hizi hutimua vumbi huko Naivasha. Neno "gari" lenyewe tulilipata kwa Wahindi. Hayo yatosha.

Sasa nirudi kwa papa. "Ameweza kugonga ukuta!"

Kuweza ni kuwa na nguvu, ujuzi au nafasi ya kutenda jambo ambalo lingeweza kukushinda. Fundi ameweza kuuzibua mtaro ulioziba mwaka mzima. Nahodha ameweza kuingiza mashua usiku, maji yametoka na mwezi haupo. Haya, ukuta umemshinda nani kuugonga? Kipofu huugonga, mlevi huugonga, punda aliyebeba mchanga huugonga kwa mzigo wake.

Tena watazame hao madereva wa Monaco. Njia yao ina urefu wa kilomita 3.337, nayo si uwanja. Ni barabara za mji zilezile ambazo watu hupita kwenda kazini, zikafungwa kwa siku za mashindano na kuzungushiwa vyuma vya kinga kushoto na kulia. Mbio zikiisha, vyuma vinaondolewa, mabasi yanarudi. Dereva anazunguka humo mara 78, ubavu wa gari unakaribia kuvilamba vyuma. Ujuzi wake wote ni kutovigusa. Kama siku ile alikuwepo aliyeweza, basi ni yule aliyefika mwisho bila kugonga, na huyo mtangazaji wenu hakumtaja.

Mwaka 1988, humo humo Monaco, dereva Ayrton Senna alikuwa mbele, amemwacha dereva mwenzake Alain Prost mbali sana, zimebaki raundi chache. Alipokaribia handaki akagonga vyuma, na ushindi ukaenda kwa Prost. Senna aliteremka, hakurudi kwa timu yake, akaenda zake nyumbani mle mle mjini kwa uchungu. Mfuate mtu huyo mlangoni umwambie, "Umeweza kugonga ukuta." Utakuwa umemtusi.

Sisi wa Lamu kuta tunazijua. Ukikutana na punda wawili wenye mizigo katika vichochoro vya Mkomani, unajibana ukutani mpaka chokaa inakuganda mgongoni. Na siku za mbio za punda, barabara ya pwani ikigeuka uwanja, vijana hupanda bila tandiko, miguu inaning'inia, fimbo mkononi. Kijana akianguka, umati wote hupiga kelele, "Kaanguka!" Sijapata kumsikia mtoto wala mzee akisema, "Kaweza kuanguka."

Lakini lililoniumiza zaidi ni hilo la pili, "ameweza kuumia mkono." Nenda nyumba yoyote umuulizie bibi aliyelala kitandani. Utaambiwa, "Hawezi." Neno moja tu, nawe umeelewa kwamba ni mgonjwa, utavua viatu uingie taratibu. Kwetu aliyeumia hawezi. Mtangazaji huyu anamchukua mtu asiyeweza, anatutangazia kwamba ameweza!

Najua linakotoka. Mtu anafikiri kwa Kiingereza, ambacho kina desturi ya kusema fulani alimudu kufanya jambo, anakileta kizimakizima. Au hana la kusema, anatafuta silabi za kuvutia muda mpaka wazo limfikie. Kwa hiyo kila siku tunasikia mkutano umeweza kufanyika, mvua imeweza kunyesha, wageni wameweza kuwasili. Nimesikia kwa masikio yangu mawili, "Mzee wetu ameweza kuaga dunia." Nilizima redio. Mauti humfika mtu, hayamsubiri ayaweze.

Sisemi kitenzi hiki kifukuzwe michezoni. Mwaka 1996, mvua imenyesha Monaco, Olivier Panis alianza nafasi ya 14 katika njia ambayo kumpita mwenzako ni shida tupu, na magari 3 tu ndiyo yaliyovuka mstari wa mwisho. Huyo sema aliweza kushinda, nitakuunga mkono. Au dereva Alberto Ascari mwaka 1955, humo humo Monaco: gari lake lilipita kizuizi likatumbukia bandarini, naye akaweza kujinasua, akaibuka juu ya maji, mashua ikamwokoa. Kutumbukia si kuweza, kulimpata tu. Kujinasua aliweza. Na hilo ndilo kuibuka kwenyewe, kwa mtu aliyekuwa chini ya bahari. Wale wanaotuambia kila Jumapili kwamba fulani "ameibuka mshindi" wamfikirie Ascari kabla hawajafungua kinywa.

Mtangazaji wenu angesema hivi: "Dereva amegonga ukuta katika raundi ya ishirini, na ameumia mkono." Sentensi imepungua maneno mawili na haijapoteza kitu.

Na huyo mwenzako wa "mzunguko" mpe salamu zangu. Neno lake ni zuri, alitumie. Lakini "raundi" imekaa nasi miaka mingi, watoto wanaihesabu kwenye mchezo wa karata, mabondia wanaipigania. Nimeshachoka kugombana nayo, na siku hizi naitamka mwenyewe.