M54.5 haitoshi mgonjwa akisema maumivu yanashuka mguuni

Dada mleta uzi, umeuliza kwa nini madai ya bima ya wagonjwa wa kiuno kutoka kituo chenu huko Masasi yanarudishwa wakati mmejaza M54.5, msimbo wa ugonjwa kwenye orodha ya ICD-10, na mgonjwa kapewa gabapentini, dawa ya neva. Msimlaumu karani wa madai, tatizo liko kwenye faili. M54.5 ni maumivu ya kiuno basi, haigusi mguu wala neva. Mhakiki akikuta dawa ya neva juu ya msimbo wa kiuno hana cha kuviunganisha. Akifungua maelezo akakuta "LBP, ?sciatica" (maumivu ya kiuno, labda sayatika, yaani maumivu ya neva yanayoshuka mguuni) peke yake, hata akitaka kuwapitishia hana pa kushika.

Tabibu aandike mambo ambayo yanautaja mzizi wenyewe, yaani pale neva inapotokea kwenye uti wa mgongo: maumivu yanaanzia wapi na yanaishia wapi, mguu upi, muda gani, ganzi iko sehemu gani, nguvu ya misuli kwa alama za 0 hadi 5, refleksi ya goti na ya kisigino, na mguu ulionyooka ukinyanyuliwa maumivu yanashuka chini ya goti kwenye nyuzi ngapi. Mzizi wa L4 (wa nne wa kiuno) hudhoofisha kukunjua goti na kupunguza refleksi yake. L5 (wa tano) hufanya ganzi upande wa juu wa unyayo na kudhoofisha kidole gumba cha mguu kinapoinuliwa. S1 (wa kwanza chini ya kiuno) huchukua ukingo wa nje wa unyayo, refleksi ya kisigino hupungua, na mgonjwa hushindwa kusimama kwa vidole vya mguu huo.

Maelezo yanayotosha yanaweza kuwa mafupi hivi: "Maumivu ya kiuno wiki 6, yanashuka nyuma ya paja la kushoto, nje ya muundi hadi kidole gumba. Ganzi juu ya unyayo. Mguu kushoto nyuzi 40, maumivu hadi unyayoni. Kuinua kidole gumba 4/5. Refleksi za goti na kisigino sawa. Mkojo na choo sawa, hakuna ganzi sehemu za siri. Radikulopathia ya L5 kushoto." Radikulopathia ni ugonjwa wa mzizi wa neva. Mistari michache tu, na mtu wa misimbo hahitaji kubahatisha.

Hapo sasa ndipo msimbo unachaguliwa. Kiuno na mguu vinauma kwa njia ya sayatika, lakini hakuna dalili za mzizi wala chanzo kilichotajwa: M54.4. Mguu bila kiuno: M54.3. Dalili za mzizi zipo ila chanzo hakijajulikana: M54.1. Chanzo kikiwa diski (gegedu kati ya pingili) ya kiuno, ni M51.1 pamoja na G55.1, diski ya shingo ni M50.1. Pingili zilizochakaa kwa umri zikibana mzizi, M47.2 pamoja na G55.2. Hizo za G55 zina alama ya nyota, kwa hiyo hazisimami peke yake wala hazitangulii. Na mkishaandika M51.1, msiongeze M54.1 au M54.3 pembeni yake. M51.1 imeshabeba maumivu ya mzizi ndani yake, na kurudia ndiko kunakomfanya mhakiki ashuku.

Mtego mkubwa ni orodha za mtandaoni, kwa sababu nyingi ni za toleo la Marekani la ICD-10. Kule M54.41 maana yake kiuno na sayatika ya kulia, M54.42 ya kushoto. Katika toleo la WHO tunalotumia sisi, tarakimu ya tano ni ya hiari na inataja sehemu ya mgongo: 1 ni pale fuvu linapokutana na pingili mbili za juu, 2 shingo, 6 kiuno, 7 kiuno na sakramu, mfupa ulio chini yake. Kwa hiyo M54.41 ikisomwa kwa toleo letu inampeleka mgonjwa wa sayatika kwenye kisogo! M54.16 inakubalika kote kote, lakini M51.16 ni ya Marekani tu, maana WHO haikuweka tarakimu hiyo kwenye M50 na M51. Upande wa kulia au kushoto uandikwe kwa maneno kwenye utambuzi.

Alama ya kuuliza nayo ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa kanuni za WHO, ugonjwa ulioandikwa kama unashukiwa, bila maelezo zaidi, hupewa msimbo kana kwamba umethibitika. Ukiandika "?diski" kwa mazoea, takwimu za mkoa zinapata mgonjwa wa diski. Kama huna msingi wa kuishuku, ishia kwenye radikulopathia.

Kuna wanaofanana na hawa lakini si wao. Aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au mkorosho, pingili ya kiuno ikavunjika, ni S32.0 na W14. Homa za jioni, kukonda na kibiongo kinachoanza, fikirieni TB ya mgongo: A18.0 na M49.0. Ganzi ya miguu yote miwili kwa mwenye kisukari cha aina ya pili mara nyingi ni E11.4 na G63.2. Mkojo ukiziba, sehemu za siri zikifa ganzi na miguu ikalegea, ni G83.4, huyo aondoke kwa rufaa saa hiyo hiyo, fomu itajazwa baadaye.

Majibu ya MRI yakirudi, msibadilishe msimbo kwa kusoma hitimisho la ripoti tu. Diski iliyotokeza L4/L5 kulia haielezi ganzi ya kushoto. Daktari aandike kwamba picha na mwili vinakubaliana, kwa mzizi na kwa upande, ndipo M54.1 igeuke M51.1 kuanzia hudhurio hilo. Ya nyuma yaacheni yalivyo.