Hopsi mbichi zinapimwaje badala ya kavu

Mkuu, kama resipe ya bia inataka gramu 30 za hopsi kavu (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), weka mbichi kama gramu 150, yaani mara tano. Hopsi iliyotoka kuchumwa ni maji karibu asilimia 80. Kavu ya pakiti imebaki na asilimia 10 hivi. Ukipima sawa na kavu, bia inatoka na harufu hafifu.

Ila kwa uchungu usitegemee za shambani, maana huwezi kujua kiasi cha asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, zilizo nayo. Za pakiti zitie mwanzo wa kuchemsha, mbichi ziingie dakika tano za mwisho, na uzitumie siku hiyo hiyo. Pasua ua moja kwanza: ukiona unga wa manjano unaonata vidoleni na kunukia, limeiva.

Hapa Nakuru mmea ukichanua kidogo, si udongo wako. Mchana wetu ni masaa 12 tu mwaka mzima, na hopsi inataka mchana mrefu zaidi. Machicha usimwage mbwa anapofikia, hopsi ni sumu kwake.