Anasikia, lakini haelewi

SWALI: Bibi yangu alipata kiharusi. Mlango ukigongwa anageuka, ila tukimsemesha kwa Kiswahili au Kimachame haelewi, naye hujibu kwa maneno mengi yasiyo na maana. Je, masikio yake yameharibika? (Mjukuu, Moshi)

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kwa dalili ulizoeleza, huenda tatizo halimo masikioni. Sikio hugeuza mitetemo ya hewa kuwa ishara za neva, lakini kuzitambua ishara hizo kuwa maneno ni kazi ya ubongo, na kwa watu wengi kazi hiyo hutegemea zaidi upande wa kushoto, hasa eneo lililo karibu na sikio, kuelekea nyuma. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza wagonjwa wa namna hii: wanasikia, wanazungumza bila kukwama, ila maana imewapotea. Huo si wendawazimu, na inaumiza kuona wazee wetu wakidhaniwa hivyo. Mpelekeni kwa daktari, apimwe na masikio pia. Nyumbani zimeni redio, mtazameni usoni, semeni sentensi fupi taratibu, huku mkimwonyesha kwa mkono kitu mnachokitaja.