Shati la Kapteni Kirk lilikuwa kijani

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Katika tamthilia za zamani za safari za anga, ni vazi gani au sura gani ya kubandika ambayo hujaisahau mpaka leo, na kwa nini?" Najua wengi watawaandikia kuhusu masikio yenye ncha ya Spock, yule ofisa wa sayari nyingine katika Star Trek, na wana haki yao. Mimi ni fundi cherehani, huu ni mwaka wa 26 niko kwenye mashine, na jibu langu ni shati. Lile shati la manjano la Kapteni Kirk, mkuu wa chombo cha anga katika tamthilia ya Star Trek ya kwanza, iliyorushwa Marekani na kituo cha NBC kuanzia Septemba 1966 hadi 1969. Nasema la manjano kwa kuwa ndivyo nyote mnavyolijua. Aliyelibuni hakukusudia manjano. Kitambaa alichokikata kilikuwa kijani.

Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akirudi Mombasa begi lake lilikuwa na kanda za video. Wenzetu waliletewa manukato, sisi tukaletewa Kirk. Tuliketi mkekani watoto saba, wengine wakishangilia chombo cha anga, mimi nikitazama mishono. Mashati yale hayakuwa na kifungo hata kimoja. Suruali hazikuwa na mifuko. Nikamwuliza mjomba, hawa pesa wanatia wapi? Akasema huko hakuna pesa. Niliona ananitania. Miaka mingi baadaye nikaja kusoma kwamba mifuko iliachwa kwa makusudi: Gene Roddenberry, aliyeianzisha tamthilia, hakuitaka, na mbuni wake wa mavazi, William Ware Theiss, akaficha mahali pa kufungia nguo ili mtazamaji asijue watu hawa huvaa vipi. Ndiyo maana vile visimu vyao vya kufunua vilikuwa vikining'inia kiunoni kwa velkro, ule utepe wa kunatana. Suruali ya kesho, velkro ya leo.

Basi, shati. Theiss alilikata kwa veluri, kitambaa cha kuvutika chenye manyoya mafupi kama mahameli. Wanasayansi na waganga aliwapa buluu; mafundi wa mitambo, watu wa mawasiliano na walinzi, nyekundu. Maofisa wa uongozi aliwapa kijani cha parachichi, ile rangi iliyo karibu na ganda. Taa za studio zikawashwa, filamu ikapita kwenye kamera, na kijani kile kikafika majumbani kikiwa dhahabu. Theiss mwenyewe alikuja kulieleza jambo hili, lakini huhitaji kumwamini yeye wala mimi. Tafuta vipindi ambamo Kirk amevaa lile shati lake jingine la kupishana kifuani, au lile la sherehe lenye kamba za dhahabu. Cheo ni kilekile, rangi iliyokusudiwa ni ileile, kitambaa ndicho kingine. Hayo ni kijani, hayana ubishi.

Mafundi wenzangu hawatashangaa. Kitambaa chenye manyoya kina tabia ya paka: ukimpapasa kuelekea mkiani anang'aa, ukimpapasa kinyume anakuwa giza. Ukikata mwili wa nguo manyoya yakitazama chini na mikono yakitazama juu, mteja atakuja kukuuliza kwa nini umemchanganyia vitambaa viwili. Ongeza hapo taa kali, ongeza na filamu ambayo nayo ina macho yake.

Mimi nilifundishwa somo hili kwa aibu. Shule moja ya hapa kwetu ilinipa oda ya sketi 40 za kijani. Jora la kwanza likaisha nikiwa na sketi 23, nikarudi dukani, nikalinganisha jora la pili na kipande changu chini ya taa ndefu nyeupe ya dukani. Sawasawa. Nikakata, nikashona, nikapeleka. Jumatatu asubuhi wasichana wakapanga mistari uwanjani, jua likawaka, na mbele ya walimu wote zikasimama shule mbili: moja ya kijani cha mwembe, moja ya kijani cha mwani. Mwalimu mkuu hakusema neno, alinitazama tu. Kichekesho ni kwamba baadaye walipigwa picha ya pamoja, na katika picha ile sketi zote 40 ni rangi moja. Kamera ilinisitiri. Theiss ilimuumbua.

Kutoka hapo nikaanza kuitazama tamthilia ile kwa jicho jingine. Karibu kila kitu kilichokumbukwa cha mavazi na sura zake kilitokana na mvutano huu, kati ya rangi iliyotoka mezani kwa fundi na rangi iliyoingia sebuleni kwa watu. Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mwanamke wa kijani. Mwisho wa 1964 walikuwa wakitengeneza kipindi cha majaribio, na ndani yake kulikuwa na mchezaji ngoma wa sayari nyingine mwenye ngozi ya kijani, nafasi ambayo hatimaye aliicheza Susan Oliver. Kwanza walimjaribu mwigizaji mwingine, Majel Barrett. Mpambaji Fred Phillips akampaka kijani, akapigwa picha, filamu ikapelekwa kusafishwa. Ilipokuja, bibi yule alikuwa na ngozi kama ya mtu yeyote wa California. Wakampaka zaidi. Filamu ikaja vilevile. Wakampaka tena, kijani cha kutisha. Kumbe kule maabara, msafishaji aliona mwanamke wa kijani, akadhani kuna mtu kaharibu kazi, na kwa nia njema kabisa akawa kila mara anamrudishia rangi yake. Namwelewa sana mtu yule. Nimewahi kumshonea mteja mshono "ulionyooka" ambao yeye aliutaka upinde.

Spock naye, kabla ya kuwa Spock tunayemjua, alifikiriwa awe na ngozi nyekundunyekundu. Lakini nyumba nyingi za Marekani wakati ule zilikuwa na televisheni nyeusi na nyeupe, na kwenye televisheni hizo wekundu ule ungeonekana weusi tu. Akaishia kupakwa manjano hafifu. Wakati huohuo NBC ilikuwa mali ya kampuni ya RCA, na RCA ilikuwa inauza televisheni za rangi, kwa hiyo mashati yanayopiga kelele yalikuwa pia tangazo la biashara. Fikirini kazi ya mbuni hapo: nguo moja imkonyeze tajiri mwenye televisheni mpya, na isimpotee jirani yake mwenye ile ya zamani. Kuna kipindi kimoja tu, cha 1969, ambacho nadhani kilimaliza tatizo hilo kwa mkato. Watu wawili wa sayari moja wanachukiana hadi kufa, kila mmoja uso wake nusu mweusi nusu mweupe. Tofauti yao ni rangi gani iko upande wa kulia. Sura ile haikupoteza kitu kwenye televisheni ya aina yoyote. Najua wapo wanaosema ilikuwa mahubiri ya wazi mno. Labda. Kama upambaji lakini, ni hesabu safi.

Masikio sitayapita kimya, msije mkasema nimewadharau. Jozi za kwanza alizoletewa Phillips zilikuwa mbovu, akazikataa, akaenda kutafuta msaada kwa mtaalamu wa studio ya MGM. Leonard Nimoy, aliyemwigiza Spock, alikuwa na wasiwasi kwamba watu watamcheka, naye Roddenberry akamwahidi kuwa baada ya vipindi 13 kama bado hayataki, itaandikwa hadithi ya kumfanyia upasuaji. Hata watu wa mauzo wa NBC waliyaogopa: katika kijitabu cha kutangaza tamthilia waliyafuta ncha zake kwenye picha. Na masikio yale yalikuwa gharama na yalikula muda mwingi wa kupamba. Kwa hiyo Desemba 1966 walipohitaji kundi zima la maadui wenye masikio kama hayo, Waromulan, walifanya jambo ambalo ningelifanya mimi: wachache wenye maneno ya kusema wakabandikwa masikio, waliobaki wakavikwa helmeti zinazofunika mpaka shingoni. Watazamaji wakaona jeshi lenye nidhamu ya kutisha. Fundi anaona masikio ambayo hayakununuliwa.

Theiss alikuwa na imani yake kuhusu nguo za kike: nguo huvutia si kwa kiasi cha ngozi inayoonekana, bali kwa jinsi inavyotishia kuanguka. Katika kipindi cha 1967 chenye mungu wa Kigiriki, mwigizaji Leslie Parrish alivaa gauni la waridi lisilo na mkanda wala ukosi, na kilicholishikilia juu ni uzito wa kitambaa kirefu kilichorushwa begani na kuning'inia mgongoni. Mizani, basi. Nimelijaribu kwenye sanamu ya duka. Linakaa. Kwa mteja mwenye kucheza taarabu nisingethubutu.

Na Uhura? Hapo sisi tuna la kusema. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alikwenda kwenye mahojiano ya kazi akiwa na kitabu chenye jina la Uhuru mkononi, na kutokana na neno hilo, neno letu, Roddenberry akalainisha mwisho likawa jina la ofisa wa mawasiliano. Mjomba alipotuambia maana yake tulirudisha kanda mara tatu kusikia linavyotamkwa. Wachache wanajua kwamba katika vipindi vyake vya mwanzo Uhura alivaa ile rangi ya uongozi, kisha akahamishiwa nyekundu. Nyekundu ile pamoja na hereni zake kubwa za kijani ilitoka vizuri mno kwenye filamu. Nadhani ndilo vazi pekee la chombo kile ambalo fundi, kamera na mtazamaji walikubaliana. Kuhusu ufupi wa gauni mama yangu alikuwa na maoni yake, siyaandiki hapa. Ila ieleweke kwamba katika vipindi vya majaribio wanawake walivaa suruali. Kimini kilikuja baadaye, na Nichols mwenyewe hakukiona kuwa ni kudhalilishwa.

Veluri ikaja kulipiza kisasi. Ilikuwa inarudi, yaani inapungua. Kila ikisafishwa, shati linapanda kidogo, na ukitazama vipindi kwa mfululizo utaona mashati ambayo pindo lake halitaki tena kukutana na suruali. Msimu wa tatu wakaiacha wakahamia nailoni nzito, isiyorudi na isiyochanika ovyo. Nguo zikakaa vizuri zaidi, na kwa macho yangu zikafa. Nailoni haina manyoya ya kuchezea mwanga. Mnisamehe wapenzi wa msimu wa tatu.

Theiss alirudi kazini 1987 kwa tamthilia ya pili ya Star Trek, The Next Generation, na safari hii akawavalisha watu ovaroli za spandeksi, kitambaa cha kuvutika kinachobana mwili, zilizokatwa ndogo kusudi ili zinyooke bila mikunjo. Zilinyooka. Waigizaji wakaumwa migongo, Patrick Stewart, aliyemwigiza Kapteni Picard, akalalamika, na kuanzia msimu wa tatu mbuni Robert Blackman akaingiza sare za sufu za vipande viwili. Hizo nazo kipande cha juu kilipanda kila Kapteni Picard alipoketi, akawa anakivuta chini kila akisimama, na mvuto ule ukawa alama yake. Kosa la vipimo limegeuka tabia ya mhusika. Natamani wateja wangu wangelitazama hivyo.

Mwaka jana alinijia kijana mmoja na picha kwenye simu. Anakwenda Nairobi kwenye mkusanyiko wa mashabiki, anataka shati la Kirk, mikono ya raglani (mshono wake huanzia shingoni), ukosi mweusi, alama kifuani, kila kitu. Nikamtolea kitambaa cha kijani cha parachichi nilichokuwa nimekiweka kwa miaka nikisubiri mtu kama yeye. Akakitazama kama nimemtolea pazia. Nikamweleza yote haya niliyowaandikia. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mama, lakini kila mtu ajua lilikuwa manjano." Na ana haki, hata filamu ya 2009 iliwavalisha dhahabu.

Nikamshonea la manjano. Upande wa ndani wa pindo na wa ncha za mikono nikamtilia utepe wa kile kijani, vidole viwili upana, ushonwe usionekane. Alilijaribu mbele ya kioo, akavuta pindo chini, akalipa. Sijui kama ameshaligeuza ndani nje.

Fundi, Kisauni, Mombasa