Taya la Chini Lililotangulia Mbele: Upasuaji Wake Hudumu?

SWALI: Assalaam alaykum, Daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka 17. Meno yake ya chini hupita mbele ya yale ya juu, na hata kukata kipande cha mkate humtaabisha. Tumeshauriwa apasuliwe taya. Je, miaka ikipita halitarudi lilivyokuwa? Na hatari zake ni zipi?
Mama, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kwa umri wake, ningesubiri. Taya la chini la mvulana huweza kuendelea kukua hadi miaka 18, hata 21, na likipasuliwa kabla ya hapo, ukuaji uliobaki hulisukuma tena mbele hata kama mpasuaji alifanya kazi yake vizuri. Ombeni picha za eksirei zilizopishana kwa miezi kadhaa, zilinganishwe.

Ukuaji ukishakoma, mfupa hukatwa, ukasogezwa na kufungwa kwa vibati vya titani, ambavyo kwa kawaida haviondolewi. Kudumu kwake hutegemea sana taya lililosogezwa: la juu likiletwa mbele hutulia vyema, ilhali la chini likirudishwa nyuma peke yake, hasa kwa umbali mkubwa, huelekea kurudi mbele kidogo na pia huweza kubana njia ya hewa nyuma ya ulimi. Ndiyo maana mara nyingi husogezwa yote mawili. Muulizeni mpasuaji amekusudia lipi, na kwa nini.

Hatari ninayotaka mwanao aielewe yeye mwenyewe kabla ya kukubali ni ganzi. Mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa unaokatwa, kwa hiyo ganzi baada ya upasuaji ni jambo la kawaida; kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, lakini wapo wanaobaki nayo maisha yote, na chai ya moto huweza kuwaunguza mdomo wasihisi. Kutokwa na damu nyingi, maambukizi na vibati kulazimika kutolewa pia hutokea.

Kabla ya upasuaji atavaa waya za meno, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, na baadaye tena kwa miezi kadhaa. Katika kipindi cha kwanza taya huonekana limezidi kutangulia. Msishtuke, kwani meno hupangwa yalingane na mahali taya litakapowekwa. Waya hizo huhitaji kukazwa mara kwa mara, na ikiwa itabidi mvuke kwenda Unguja au Dar es Salaam kila zinapokazwa, pangeni nauli ya muda wote huo kwanza, kwa sababu kuziacha katikati humwacha kijana na meno yanayokutana vibaya kuliko alivyoanza.