Barua kwa mwanangu: kuzaa na mume aliyekuzidi miaka 21

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uzae na mumeo, wewe ukiwa na miaka 33 na yeye 54, au mridhike kuishi wawili. Uamuzi ni wenu, ila fanyeni hesabu kwanza.

Mimba ikiingia mwaka huu, baba atakuwa na 55 mtoto akizaliwa, 62 akiwa darasa la kwanza, 73 akifikisha miaka 18. Wewe utakuwa na 52. Iandikeni miaka hiyo kwenye karatasi, na kando ya kila mmoja muandike nani analeta kipato na nani analea. Hapa ndipo wengi hukwama: huhangaika na swali la mwili, wasiulizane ada italipwa na nani baba akishastaafu. Pia huenda ukamuuguza mume na kulea kijana kwa wakati mmoja. Hilo likubali au likatae sasa, ukiwa na akili iliyotulia.

Kuhusu mwili, mwanamume hutengeneza mbegu hadi uzeeni, lakini makosa madogo kwenye vinasaba huongezeka kadiri umri unavyosonga. Ndiyo maana hatari ya mimba kuharibika, na ya maradhi machache ya kurithi, hupanda kidogo. Kwa familia moja moja bado ni ndogo, na kipimo cha kawaida cha shahawa hakiyaonyeshi makosa hayo.

Hata hivyo mumeo akapime shahawa, hata kama alishazaa zamani. Ajizuie kutoa shahawa siku 2 hadi 7, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, toleo la 2021, ni shahawa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Majibu yakiwa mabaya, arudie. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, hivyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana leo, na sigara aliyoacha jana itaonyesha faida baada ya miezi mitatu. Asikubali kabisa sindano au jeli ya testosteroni (homoni ya kiume) ya kumwongezea nguvu: huzima utengenezaji wa mbegu. Dawa za presha au kisukari asiziache bila daktari wake.

Kwako, umri wako una uzito kuliko wake. Mayai hupungua kwa kasi baada ya 35, basi msisogeze jambo hili miaka mitatu mbele. Meza vitamini iitwayo asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutafuta hadi wiki ya 12 ya mimba. Kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu. Mwanamke wa chini ya miaka 35 huambiwa asubiri mwaka kabla ya kwenda kwa daktari. Kwa umri wa mumeo, mimi ningekwenda baada ya miezi sita.

Wosia na mlezi wa mtoto viandikwe kabla hajazaliwa, na watoto wakubwa wa mumeo, kama wapo, waambiwe naye mwenyewe.

Mwisho, muulize kama anamtaka mtoto huyu, pamoja na kuamka naye usiku. Akijibu, "Ukitaka wewe, sawa," msianze bado.

Mama yako