Kuoga Pwani na Kula Kombe Wakati wa Masika

Miaka michache iliyopita, katikati ya masika, nilikwenda kumjulia hali mama yangu mdogo hapa Unguja, ambaye huenda pwani kuokota kombe kila maji ya bamvua yanapokupwa na kuuacha mchanga wazi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, na kufikia mchana bahari ilikuwa imetulia na kung'aa kama siku zote. Alirudi na nusu ndoo ya kombe wenye maganda mazito ya mifuo na manyoya ya kahawia pembeni, akawatia sufuriani na maji kidogo, na mara midomo ilipofunguka akaipua, akakamua ndimu, akatia pilipili, tukala. Nyama ilikuwa laini, na supu yake nyekundu, kwa kuwa kombe ana damu nyekundu kama yetu, jambo lisilo la kawaida kwa viumbe wa jamii yake.

Usiku wa siku ya pili nilitapika na kuharisha mpaka nikashindwa kusimama, na mwanangu wa miaka minne, aliyekula kidogo tu, alilazwa na kutundikiwa dripu. Hakuna aliyewapima kombe wale, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndio waliotudhuru, lakini nilipokwenda kuona mahali walipookotwa nilikuta mdomo wa mfereji hatua chache kutoka hapo, na maji ya mvua yalikuwa bado yanatiririka, yakiwa yamepita uani na kwenye vyoo vya mtaa mzima.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kulielewa jambo hili, na ninalotaka kumwambia kila anayeishi pwani ni kwamba maji na kombe havisafiki kwa mwendo mmoja. Bakteria wa kinyesi wanaoingia baharini hufa kwa wingi kutokana na jua na chumvi, au huchukuliwa na kupwa na kujaa kwa maji, ndiyo maana katika nchi nyingi watu hushauriwa wasioge pwani kwa siku mbili au tatu baada ya mvua kubwa. Kombe na chaza, kwa upande wao, hula kwa kuchuja maji, lita nyingi kwa siku, na kila kilichomo kwenye maji hayo hujikusanya tumboni mwao. Akiwekwa kwenye maji safi, chaza hutoa bakteria wengi ndani ya siku mbili hivi, lakini virusi kama norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuharisha, na vile vya homa ya ini aina A huweza kubaki ndani yake kwa wiki kadhaa. Nchini Marekani, eneo la chaza likifikwa na maji ya vyoo yasiyosafishwa, kwa kawaida hufungwa kwa siku 21. Kwetu masika huendelea tangu Machi hadi Mei bila kutupa siku 21 za ukavu, kwa hiyo karibu na mifereji hakuna kungoja kunakotosha. Ni kuhama mahali. Ninajua kwamba kwa akina mama wengi kombe ni kitoweo na ni ada ya shule, wala simwambii mtu aache kazi yake. Ninamsihi tu asiokote karibu na midomo ya mifereji na mito, hata kama kombe wa hapo ni wanono zaidi, kwa maana unono huo hutokana na kilichomo katika maji hayo.

Anayeona kwamba ninatia chumvi na aukumbuke mji wa Shanghai, ambako mwaka 1988 watu wapatao 300,000 waliugua homa ya ini aina A baada ya kula kombe wa jamii moja na hawa wetu, waliovuliwa kwenye maji yaliyochafuliwa na kinyesi. Wengi walikuwa wamewamwagia maji ya moto tu, mpaka maganda yakaachana kidogo.

Hapo ndipo penye kosa la jikoni kwetu. Ganda kufunguka maana yake ni kwamba kombe amekufa, lakini haina maana kwamba ameiva. Ili virusi hivi vife, joto ndani ya nyama yenyewe linapaswa kufika nyuzi 90 kwa sekunde 90, nami huwaacha kombe wachemke kwa dakika tano kamili baada ya wote kufunguka, na wasiofunguka huwatupa. Ndimu na pilipili haviui virusi, na kugandisha kwenye friji hakusaidii. Mama mdogo alinijibu, «Mwanangu, ukimchemsha hivyo anakuwa mpira.» Ni kweli kwamba hukaza kidogo, siku hizi yeye mwenyewe humkatakata akamtia kwenye tui, na hakuna anayelalamika.

Kwa upande wa kuoga, weupe wa maji usikudanganye. Vipimo vya maabara vinavyohesabu bakteria wa kinyesi huhitaji takriban siku nzima kutoa majibu, na kwa hiyo hata mahali vinapofanywa, jibu la leo huhusu maji ya jana. Ni bora kuangalia mvua ilinyesha lini, mfereji unatokea wapi, na kuchagua saa za maji kujaa, kwa sababu yanapokupwa huvuta uchafu wa mito na mifereji kuuleta ufukweni. Watoto wanaoruka ukutani pale Forodhani hunywa maji mengi kuliko watu wazima na huzamisha kichwa kila mara, na wale wadogo huchezea mchanga wenye majimaji ambamo bakteria hukaa muda mrefu kuliko kwenye maji yenyewe. Waogeshwe maji safi na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na mwenye kidonda kibichi asiingie kabisa.

Mtu akianza kuharisha, mpe mara moja dawa ya chumvichumvi (ORS) ya kuchanganya na maji. Macho yakigeuka manjano, mwambie daktari kuhusu kombe uliowala hata kama umepita mwezi, maana homa ya ini aina A huchukua siku 15 hadi 50 kujitokeza.